Gamba Bora la Fundi Mkata Vioo

Baada ya chai ya asubuhi, fundi mkata vioo alilaza pande la kioo juu ya meza iliyotandikwa blanketi, akachovya kikatio chake katika mafuta ya taa, akavuta mstari mmoja ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha akaligonga pande kwa chini, kama ilivyo ada. Kioo kilitii mpaka karibu na mwisho. Hapo palikuwa na kiputo cha hewa ambacho jicho halikukiona. Kioo kikapasuka upande usiotakiwa, na ncha yake ikateleza juu ya kigasha cha fundi cha mkono wa kushoto, ikitoa mlio wa kijiko kinachokwaruza sahani.

Fundi aliutazama mkono wake. Shati lilikuwa limechanika kwa unyofu wa kupendeza. Chini ya shati ngozi ilikuwa na mkwaruzo mweupe, kama wa chaki ubaoni, na damu haikuwapo. Alilitupa lile pande kwenye pipa la vigae, akachukua jingine.

"Umeota magamba, fundi," alisema jirani yake wa mezani, mtu aliyeitwa Mrefu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa wafanyakazi.

"Nimeyaona."

"Tangu lini?"

"Wiki iliyopita palikuwa panawasha. Nikadhani ni joto."

"Mimi yangu yameanzia makalioni," Mrefu alisema kwa masikitiko. "Mahali ambapo kioo hakijawahi kunigusa. Kuna watu miili yao haina akili."

Kabla mvua hazijaanza, wakata vioo wote wa zamani walikuwa wameota. Magamba yalikuwa ya mfupa, nayo hayakukaa juu ya ngozi bali ndani yake, yamepangana kwa safu. Ukiyabonyeza kwa kidole gumba uliyahisi kama vifungo vilivyofichwa chini ya kitambaa. Yalifanana kabisa na ya guruguru, wale mijusi wakubwa waliokaa katika lundo la vigae nyuma ya karakana, ambao kila adhuhuri walitoka kuota jua juu ya vioo vilivyovunjika, mahali ambapo hata paka hakuthubutu kukanyaga. Miaka mingi wafanyakazi na guruguru walikuwa wamekula chakula cha mchana uwanja mmoja. Watu waliona kuwa si neno kubwa waliozoeana wakianza kufanana. Gamba lililokomaa liling'oka lenyewe, bila maumivu, kama jino la utotoni, na chini yake palikuwa na jingine. Wafagiaji waliyafagia pamoja na vigae.

Aliyebaki na mikono laini ni mmoja tu, mwanamke aliyeajiriwa karibuni katika meza ya mwisho, nao wakamwita Mgeni. Yeye alikatwa kama watu walivyokatwa zamani. Alikuwa akifunga kidonda kwa kitambaa, anauma fundo kwa meno, anarudi kazini.

Ilipasa kuwa kila mkata vioo ana vikinga vya ngozi, vya kuvaliwa kuanzia kifundo cha mkono hadi begani. Wafanyakazi walikuwa wameviomba tangu wakati wa meneja wa kwanza, wakajibiwa kwa maneno matamu. Wakamwomba wa pili, akawajibu kwa maneno matamu zaidi. Meneja wa sasa alikuwa mtu wa vitendo. Aliviagiza, vikafika, vikawekwa stoo vikiwa bado vimefungwa kwa kamba, na harufu yake ya ngozi mpya ikawa inawafikia watu mezani. Siku ambayo vingegawiwa, meneja alipita kati ya meza, akasikia mlio wa kijiko na sahani, akasimama.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Magamba, bwana meneja," alisema Mrefu.

Meneja aliomba ruhusa, akambonyeza fundi kigashani, akaitikia kwa kichwa kama mnunuzi wa godoro. Kesho yake aliwakusanya wote uani, akasema kwamba yeye hapingi vikinga, ila hapendi kumvisha mtu koti juu ya koti. Maabara ya mji ilikuwa inapima nguvu za vitu vyote, saruji, nondo na mbao. Basi wafanyakazi wapeleke gamba moja, lolote watakalolichagua wao wenyewe, lipimwe pamoja na kipande cha ngozi ya vikinga. Gamba likishindwa na ngozi, vikinga vitagawiwa kwa wote jioni hiyo hiyo. Likishinda, vitarudi vilikotoka.

Wafanyakazi walikubali kwa kauli moja, tena kwa furaha. Kila mmoja wao alijua kwamba magamba hayakuwa sawa. Ya kigashani yalikuwa manene. Lakini kwenye kiwiko, mahali mkono unapokunjika, yalikuwa madogo kama punje za mtama, na kati ya punje na punje palikuwa na ngozi tupu. Haikuhitaji elimu kubwa. Walihitaji tu kupeleka punje moja ya kiwikoni, ishindwe, wavae vikinga.

Wakamchagua fundi kuipeleka. Alikuwa mkubwa wao kwa umri na kwa kazi, na binti yake ndiye aliyekuwa mpimaji katika maabara hiyo.

Jioni, fundi aliketi sebuleni akiwa amevua shati, mikono yake ameinyoosha juu ya meza ya chakula. Mkewe alikuwa kando ya dirisha akishona upindo wa suruali.

"Hii nimeipunguza tena," alisema mkewe. "Unakwenda wapi, mume wangu?"

"Siendi popote."

"Unakwenda chini. Mwaka jana nilikuwa nakufikia kidevuni. Sasa natazamana na nyusi zako."

"Kitambaa siku hizi kinavutika kikifuliwa."

"Kitambaa kinavutika, na mlango je? Maana zamani ulikuwa unainama kupita."

Fundi alikuwa ameokota punje moja iliyolegea kwenye kiwiko chake, akaiweka kiganjani. Ilikuwa ndogo, imepinda, rangi yake kama ya ukucha mbovu. Aliitazama kwa muda mrefu, sura yake ikawa kama ya mtu aliyeletewa mchumba asiyefaa.

"Nitoke nyumbani kwangu na kitu hiki?" alisema. "Mwanangu akiweke kwenye mashine mbele ya wenziwe, waseme huyu ndiye baba yake?"

"Si ndicho mlichokubaliana?"

"Tulikubaliana gamba. Hili si gamba, ni uchafu wa gamba."

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema mkewe, akakata uzi kwa meno.

"Na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alijibu fundi.

Aliitupa punje nje ya dirisha. Kisha akachagua katikati ya kigasha cha kushoto gamba pana, jeupe, lililoshuhudia ule mkato wa siku ya kiputo. Lilikuwa limekwisha kulegea. Alilizungusha taratibu likatoka, akaliosha kwa sabuni, akalisugua kwa mafuta mpaka likang'aa, akalifunga katika leso safi. Hakuwa mtu wa hila. Maisha yake yote hakuwahi kutoa mkononi mwake kioo chenye kasoro, na hakuona sababu ya kuanza na mfupa.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji, na kila mashine ilikuwa imefungwa chini kwa bolti. Binti yake alimpokea akiwa amevaa koti jeupe, akamketisha kwenye benchi, akamletea maji. Juu ya meza yake palikuwa na sinia yenye magamba ya guruguru. Wataalamu wa wanyama walikuwa wamemletea, na kwa miezi mingi alikuwa akiyabonyeza, akiyapinda na kuyavunja, ili ajue kwa nini mjusi wa kawaida anavaa deraya asiyoshonewa na mtu.

Fundi alifungua leso.

"Baba," alisema binti, "hili ni la wapi?"

"La mkononi mwangu. Mimi sinunui."

"Najua ni lako. Nauliza la sehemu gani."

"La kigashani."

Binti alimtazama. "Mrefu alinipigia simu. Alisema utaleta la kiwikoni."

"Mrefu makalio yake ndiyo yenye kinga. Asinifundishe mimi habari za mikono."

"Baba yangu, mashine hii haina adabu. Haijui wewe ni nani. Ukiipa gamba nene, itasema gamba ni nene."

"Basi iseme ukweli," alisema fundi. "Pima."

Binti alikuwa mtumishi wa maabara, na sheria ya kazi yake ni kupima kilicholetwa. Akapima. Kwanza aliiweka ngozi ya vikinga chini ya ncha ya chuma, akaishusha ncha polepole. Ngozi ilibonyea, ikavumilia, kisha ikatoboka kwa sauti ndogo kama ya mtu anayefungua kinywa asubuhi. Akaliweka gamba. Ncha ilishuka, sindano ya kipimo ikapanda, ikapita pale ngozi ilipoachia, ikaendelea. Fundi alikuwa amesimama, amejishika mikono nyuma. Gamba lilipopata ufa mwishowe, ufa wenyewe haukufika mbali: uliingia juu, ukapotea katikati.

"Umeona?" alisema fundi.

"Nimeona." Binti aliligeuza gamba chini ya kioo cha kukuzia. "Juu pamekaza kama kigae cha sahani. Ndani kuna nyuzi zilizopishana kama ukili wa mkeka, na matundu kama ya sifongo. Ufa ukifika hapo hauna njia iliyonyooka, unazungukazunguka mpaka unachoka. La guruguru liko hivyo hivyo. Lako ni bora kidogo."

Fundi aliketi. Macho yake yalikuwa maangavu. Wapimaji wengine wawili walikuja kutazama, wakampa mkono.

"Sasa nipe kiwiko," alisema binti.

"Cha nini? Kazi imekwisha."

"Kunja mkono, baba."

Baba alikunja, maana aliyemwambia alikuwa amevaa koti jeupe. Magamba ya kigasha yalibaki pamoja, lakini kwenye kiwiko yaliachana kama vigae vya paa bovu, na ngozi iliyokuwa katikati ikaonekana, laini, ya rangi ya waridi, kama ya mtoto. Binti aliigusa kwa sindano nyembamba bila kukaza. Tone la damu likatoka papo hapo. Fundi hakukunja uso.

"Guruguru naye hukosa kinga kwenye vikunjo," alisema binti. "Angekuwa na deraya kila mahali asingeweza kutembea. Lakini yeye akiona hatari huingia katika ufa wa jiwe, akajaza pumzi, akakwama humo asitolewe. Nyinyi mna ufa gani wa kuingilia?"

"Tuna zamu ya asubuhi na zamu ya jioni."

Kisha alimpandisha baba yake kwenye mizani, na baada yake akamsimamisha penye ukuta uliopigwa alama za kimo. Uzito ulikuwa ule ule wa miaka yote. Kimo kilikuwa cha mtu mwingine.

"Mfupa haukuongezeka," alisema. "Umehama. Unatoka miguuni na mgongoni, unakwenda mikononi. Mwili wako unaezua nyumba ili ujenge ukuta."

"Ukuta ni mzuri lakini," alisema fundi.

"Ni mzuri sana, baba."

Kwa desturi ya maabara hiyo, matokeo husemwa kwa mdomo mbele ya pande zote mbili. Binti alifika karakana siku ya pili, akasimama uani mbele ya lundo la vigae. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga. Mgeni alikuwa mstari wa mbele, amefunga kitambaa kipya kwenye kifundo. Guruguru watatu wanne walikuwa juani, vichwa juu, kama wenyeviti katika kikao.

Alisema kila kitu. Alisema gamba lililoletwa lilishinda ngozi. Alisema kwamba kwenye kiwiko hakuna gamba la kuitwa gamba, na kwamba alijaribu kwa mkono wake mwenyewe, damu ikatoka. Alisema mfupa wa magamba unatolewa miguuni, na kwamba mwenye magamba mengi zaidi ndiye atakayetangulia kushindwa kusimama. Alisema pia kwamba yupo mtu ambaye hana hata moja.

Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri.

"Tunashukuru," alisema. "Tulikubaliana nini? Gamba moja, watakalolichagua wao. Mimi sikuchagua. Sikushika hata leso."

"Kiwiko, bwana meneja," alisema Mrefu. "Amesema kiwiko."

"Kiwiko hakikuletwa. Mkileta mbuzi mnadani, hampewi bei ya ng'ombe aliyebaki nyumbani." Watu wawili walicheka, wakajuta. "Lakini mimi si mtu wa kukomoa. Fundi yuko hapa. Akisema gamba alilopeleka halikuwa gamba la kweli la kumwakilisha, kwamba alichagua tu lililo zuri akaacha yaliyo mabovu, nitakubali jingine lipimwe leo hii. Gari liko tayari. Fundi, unasemaje?"

Binti alimtazama baba yake. Mgeni alimtazama. Mrefu alifumba macho, midomo yake ikitembea. Ilikuwa sentensi fupi, na kila mtu pale angeweza kumsaidia kuimaliza.

Fundi alitoka mstarini. Alikuwa mfupi kuliko watu walivyomkumbuka, lakini alisimama wima, kifua mbele, kama alivyofundishwa kusimama darasani zama zile mwalimu alipoingia. Aliliona swali lenyewe kuwa la matusi. Kuulizwa mbele ya watoto wa jana kama kazi yake ilikuwa ya kubahatisha!

"Gamba ni langu," alisema. "Ndivyo nilivyo."

Vikinga vilipakiwa kabla ya chakula cha mchana. Mrefu alisaidia kuvibeba, kwa sababu ndiye aliyefikia sehemu ya juu ya lori, na kila mzigo alioupandisha aliunusa kwanza. Alipopita karibu na fundi alisema tu, "Mzee, ungetudanganyia hata kiwiko kimoja," naye fundi akamjibu kwamba ukweli hauna viungo.

Binti aliaga wote kwa mkono. Alipofika kwa Mgeni alibonyeza kigasha chake kwa kidole gumba, polepole, kuanzia juu hadi chini. Hapakuwa na kitu.

"Yataota," meneja alimfariji Mgeni kutoka nyuma. "Wenzako wote yaliota baada ya kukatwakatwa. Vuta subira."

Tangu hapo, aliyeomba kazi katika karakana hiyo alibonyezwa mkono getini. Aliyekuwa laini alianzishwa kwenye meza ya mwisho, mahali panapokatwa vioo vyembamba vyenye makali zaidi, ili asichelewe kuota. Watu waliuona utaratibu huo kuwa wa busara. Wafanyakazi wa zamani walijizoeza kukata bila kukunja viwiko. Meza nzima ilifanya kazi kwa mikono iliyonyooka, na wageni waliotembelea karakana walisifu nidhamu yake. Nyumbani kwa fundi, mkewe aliacha kupunguza suruali. Alianza kununua za watoto wa shule, zilizokuwa na kitambaa kigumu na za kudumu.

Meneja hakusahau. Alitaka gamba lile liwekwe kwenye ukuta wa getini, ndani ya sanduku la kioo, chini ya taa, ili kila anayeingia alione. Alimwomba binti alirudishe, naye akalirudisha likiwa na ufa wake mdogo usiofika mbali. Sanduku lenyewe meneja alimpa fundi alitengeneze, maana nani mwingine?

Fundi alichagua kioo kinene kisicho na kiputo. Alikikagua juani mara mbili. Alipandishwa juu ya kreti, kwa kuwa meza ilikuwa imemzidi kimo, akachovya kikatio, akavuta mistari ya pande zote nne, na tatu za kwanza zikaachia bila kinyongo. Ukingo wa mwisho ulikuwa upande wa mbali wa meza. Mkono ulionyooka haukuufikia vizuri. Aliinama juu ya kioo, akakunja kiwiko, akaugonga kwa chini.

Ncha iliingia kati ya punje na punje, kimya, kama ufunguo unaoingia katika kufuli lake.

Damu ilishuka kwenye magamba ya kigasha, ikapita juu yake bila kuyadhuru, ikadondoka juu ya kioo. Mgeni, aliyekuwa amehamishiwa meza ya jirani, aliiona. Alifungua kitambaa kwenye kifundo chake mwenyewe, akakigeuza upande uliokuwa safi, akamnyooshea.

"Fundi, kiwiko."

"Ahsante, mwanangu," alisema fundi.

Alikipokea kwa heshima, akafuta kioo. Alifuta mpaka pembeni, kisha akakipumulia, akakifuta tena, akakiinua kwenye mwanga kwa mkono ule ule kutazama kama kimebaki na doa.